UZI: Hamamu za Diocletian, Roma. Lisome jengo kwanza, ndipo uingie makumbusho

Tofali la Kale (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali ya Roma humu ndani huishia Colosseum na Vatican. Uzi huu ni wa jengo moja tu: Hamamu za Diocletian, ambazo kwenye vibao zimeandikwa Terme di Diocleziano, mkabala na stesheni kuu ya treni ya Termini. Leo ni tawi la Makumbusho ya Taifa ya Roma yaliyoanzishwa mwaka 1889. Matawi mengine ni Palazzo Massimo, Palazzo Altemps na Crypta Balbi, lakini hili ndilo ambalo nyumba yenyewe ni ya Warumi na vitu vilivyomo ni vya Warumi.

Wageni wengi hutoka pale wakisema wameona mawe mengi na ua mkubwa, basi. Kosa si lao. Mlango wa makumbusho uko ubavuni, Viale Enrico De Nicola, kwa hiyo unaingia jengo kwa mbavu badala ya kulifuata kutoka usoni hadi mgongoni. Ukiingia hivyo bila ramani kichwani, huwezi kujua umesimama chumba gani. Ndiyo maana nasema makumbusho haya huanzia nje, barabarani, kabla hujakata tiketi.

Kwanza historia kidogo. Mwaka 298 Maximian alirudi Roma kutoka Afrika Kaskazini, alikokuwa akipigana na Wamauri, akaagiza hamamu ijengwe kwa jina la mtawala mwenzake Diocletian. Ilizinduliwa kati ya Mei 305 na Julai 306. Uhakika huo unatokana na maandishi ya uzinduzi, ambayo vipande vyake vimo humo makumbushoni: yanawataja Diocletian na Maximian kuwa wameshang'atuka, na waling'atuka 1 Mei 305, yanamtaja Constantius akiwa bado mtawala, naye alifariki 25 Julai 306. Yanasema pia kwamba majengo yaliyokuwapo hapo yalinunuliwa ili kupata kiwanja. Na kiwanja kilihitajika kweli: takriban mita 380 kwa 370, hekta 14 hivi. Roma haikupata kuwa na hamamu kubwa kuliko hii. Olympiodorus, mwandishi wa karne ya 5, aliihesabia karibu mara mbili ya viti 1,600 vya hamamu ya Caracalla. Maji yaliletwa na mfereji wa Aqua Marcia, na Wagothi walipoizingira Roma mwaka 537 na kukata mifereji, hamamu ikafa.

Sasa mhimili. Chora mstari mmoja kichwani, kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Juu ya mstari huo kuna kaldario (ukumbi wa maji ya moto), tepidario (wa uvuguvugu), frigidario (wa maji baridi), halafu natatio, bwawa la wazi la kuogelea. Kulia na kushoto vyumba vimejirudia sawasawa, kila upande na kiwanja chake cha mazoezi. Kaldario ilielekezwa kusini-magharibi kwa makusudi: Warumi walioga kuanzia alasiri, na jua la saa hizo lilisaidia tanuri.

Utaratibu ninaoushauri:

1. Anzia Piazza della Repubblica, kituo cha metro Repubblica, mstari A. Majengo mawili yaliyopinda kuzunguka chemchemi yamefuata mkunjo wa ukuta wa nje wa hamamu. Hapo umesimama kwenye ukingo wa kiwanja, si katikati.

2. Geukia kanisa la Santa Maria degli Angeli. Uso wake ni ukuta wa matofali ulioingia ndani kama bakuli. Hicho ni kipande kilichobaki cha kaldario. Zaidi ya hapo kaldario haipo tena.

3. Ingia kanisani, ni bure. Chumba cha kwanza cha duara ndiyo tepidario. Ukumbi mkubwa unaofuata, unaokatiza kulia na kushoto, ndiyo frigidario yenyewe, na dari yake ya matao matatu yanayokutana kwa misalaba ndiyo ile ile ya Warumi, karibu mita 28 juu. Simama hapo dakika 10 nzima. Hakuna sehemu nyingine ya Roma ambako ukumbi wa kati wa hamamu ya kifalme umebaki na dari yake.

4. Toka, zunguka kona hadi San Bernardo alle Terme, kanisa dogo la duara. Lilikuwa jengo la kona ya magharibi ya ukuta wa nje, likageuzwa kanisa mwaka 1598. Mwenzake wa kona ya pili amemezwa na majengo ya Via del Viminale. Tembea kutoka duara moja hadi la pili, ndipo miguu yako itajua upana wa hamamu.

5. Sasa ndipo uende kwenye mlango wa makumbusho.

Ndani, ukishapita bustani, tafuta kwanza kumbi za hamamu, kisha natatio na ua mdogo, kisha ua mkubwa, na mwisho idara ya maandishi. Tenga saa 3 kwa yote, pamoja na kanisa. Wenye ujuzi wa sehemu mojamoja karibuni muongeze nyama.

---

Mchora Ramani

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze kuhusu frigidario, maana watu hudanganywa na macho pale ndani.

Mwaka 1561 Papa Pius IV aliamua ukumbi ugeuzwe kanisa, kazi akapewa Michelangelo, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka 86. Alichofanya ni kuuacha ukumbi ulivyo kadiri alivyoweza. Sakafu ilipandishwa takriban mita 2, kwa hiyo sehemu ya chini ya nguzo imezama, na vitako unavyoviona si vya asili.

Nguzo 8 kubwa za ukumbi wa kati ni za graniti nyekundu ya Misri, kila moja ni jiwe zima la takriban mita 14. Karne ya 18 msanifu majengo Vanvitelli alipolipanga upya kanisa, aliongeza nguzo nyingine 8 kwenye njia ya kuingilia na ya kuelekea altare, lakini hizo ni za matofali yaliyopakwa lipu na kuchorwa rangi zifanane na graniti. Namna ya kuzitofautisha: sogea karibu utazame punje. Graniti ya kweli ina punje kubwa za waridi, nyeupe na nyeusi zinazong'aa kila moja kwa pembe yake unapotembea. Ya kuchora haibadiliki.

Na kuhusu hadithi kwamba hamamu ilijengwa na Wakristo waliolazimishwa kazi kabla ya kuuawa: ni mapokeo ya kanisa, na ndiyo yaliyompa padri Antonio del Duca nguvu ya kudai kanisa lijengwe hapo. Yachukuliwe kama mapokeo. Hakuna maandishi ya wakati ule yanayothibitisha.

---

Kivuli cha Adhuhuri

Msisahau mstari wa jua sakafuni, upande wa kulia wa ukumbi huo huo. Watu wanaukanyaga bila kujua.

Mtaalamu wa nyota Francesco Bianchini aliuweka mwaka 1702 kwa agizo la Papa Clement XI. Ni utepe wa shaba uliotiwa kwenye marumaru, urefu takriban mita 45, umelala sawasawa kaskazini–kusini. Juu ukutani, mita 20 na kidogo, kuna tundu dogo. Jua linapovuka kusini, mwanga wake unapita tunduni na duara la nuru linakatiza mstari. Hiyo ndiyo adhuhuri ya kweli ya Roma, na saa za mji zilirekebishwa kwa mstari huu hadi 1846.

Kwa nini hapa na si kanisa jingine? Ukuta wa kanisa jipya hushuka na kupasuka kwa miaka mingi, na tundu likisogea hata kidogo kipimo kinaharibika. Kuta za hamamu zilikuwa zimeshatulia kwa karne 14. Urefu wake nao ulihitajika, pamoja na upande wa kusini ulio wazi.

Sasa vitendo. Mwanga haupiti saa 6:00 kamili. Roma iko magharibi ya meridiani ya saa za Ulaya ya Kati, kwa hiyo adhuhuri huchelewa wastani wa dakika 10, na tena hupanda na kushuka kwa mwaka. Wakati wa majira ya kawaida, yaani mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, itegemee kati ya saa 5:54 (mwanzoni mwa Novemba) na saa 6:24 mchana (katikati ya Februari). Saa zinapokuwa zimesogezwa mbele kwa kiangazi, ni kati ya saa 6:54 na saa 7:16. Fika robo saa kabla, duara la nuru huanza kuonekana upande wa magharibi wa mstari na kusogea kwa kasi unayoiona kwa macho.

Pa kusimama pia panabadilika. Mwezi Juni jua liko juu, duara linaangukia takriban mita 7 tu kutoka ukuta wenye tundu. Desemba jua liko chini, duara linakwenda hadi mita 44, karibu na mwisho wa utepe. Alama za nyota za mwaka zimechorwa kandokando, zifuate kujua mahali pa leo. Mawingu yakitanda hakuna kitu. Na ibada ikiwa inaendelea, watalii hawatembeitembei. Jumapili ni siku mbaya kwa hili.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe. Mtandio mwepesi kwenye mkoba unatosha.

---

Binti Shangani

Asanteni wakuu. Nina swali kwa wanaoelewa ufundi. Sisi wa Zanzibar tuna Hamamni pale Mji Mkongwe, iliyojengwa enzi za Sultani Barghash, na ile ya Kidichi ya mwaka 1850 aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Zote zina vyumba vya moto na baridi. Je, joto la hamamu ya Kirumi lilikuwa linafanyaje kazi, na linaonekana wapi hapo Diocletian?

---

Tofali la Kale

Dada, undugu upo wa kweli. Hamamu za Waajemi, Waarabu na Waturuki zilirithi mpangilio wa vyumba vya baridi, uvuguvugu na moto kutoka hamamu za Kirumi za mashariki, na kutoka huko ndiko ulikofika Unguja.

Kwa Warumi sakafu ya ukumbi wa moto haikukaa juu ya udongo. Ilibebwa na vijiguzo vifupi vya matofali, urefu wa nusu mita na zaidi, vilivyopangwa kwa mistari. Juu yake vigae vikubwa, kisha zege nene, kisha marumaru. Tanuri liliwashwa nje ya ukuta, moshi na hewa ya moto vikapita chini ya sakafu, halafu vikapanda ndani ya kuta kupitia vigae vyenye uwazi katikati, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama bomba. Kwa hiyo ukuta wenyewe ulikuwa wa moto, na mvuke haukugandia kwa urahisi.

Unene wa zege ya sakafu ulikuwa muhimu. Sakafu nyembamba ingeunguza nyayo karibu na tanuri na kubaki baridi mbali nalo. Zege nene hupokea joto polepole na kulisambaza, lakini kuiwasha kutoka baridi huchukua siku nyingi, ndiyo maana tanuri kubwa hazikuachwa zizime.

Kusema kweli, hapo Diocletian mfumo huu ni mgumu kuuona, kwa sababu upande wa moto ndio ulioharibika zaidi na mji umejengwa juu yake. Kumbi zilizobaki makumbushoni ni za upande wa baridi. Anayetaka kuelewa joto na kazi za chini ya ardhi aende Caracalla, iliyojengwa kati ya 212 na 216. Ramani yake inafanana sana na hii. Pale dari zimeanguka lakini unauona mpangilio mzima wazi, huku Diocletian unaona dari zimesimama. Mtu mwenye siku 2 aanze Caracalla asubuhi ya kwanza.

Kitu cha kuangalia kwenye kumbi za makumbusho ni kuta zenyewe. Marumaru yote yamekwanguliwa, na hilo ni neema kwa anayetaka kujifunza ujenzi. Matofali ni ganda tu. Ndani ni zege ya chokaa, majivu ya volkano na vipande vya mawe. Vitundu vya mraba vilivyopangwa kwa mistari ni mahali pa miti ya jukwaa la mafundi. Vitundu vidogo visivyo na mpangilio ni vya vibanio vya shaba au chuma vilivyoshika marumaru, watu wa baadaye wakachokonoa kuchukua chuma. Tao la matofali lililozama ndani ya ukuta mtupu, bila mlango chini yake, linahamisha uzito kutoka sehemu dhaifu. Tafuta hayo matatu katika kila ukumbi, utakuwa umeusoma ukuta.

---

Mwanafunzi wa Mawe

Idara ya maandishi ndiyo watu huipita mbio, kwa kuwa wanaona Kilatini wanakata tamaa. Nasikitika sana kila ninapoona hivyo, maana ndiyo hazina ya pale. Huhitaji kujua Kilatini kusoma jiwe la kaburi. Unahitaji vifupisho vichache.

D M mwanzoni ni wakfu kwa roho za wafu. Baada yake huja jina. Herufi F baada ya jina la baba ni "mwana wa". Herufi L mahali hapo hapo ni "mtumwa aliyeachwa huru na". Ukiona C iliyogeuzwa nyuma mbele ikifuatiwa na L, aliyemwacha huru alikuwa mwanamke. VIX AN au VIXIT ANNIS na tarakimu ni miaka aliyoishi. M ni miezi, D ni siku. B M F mwishoni: aliyelijenga amemjengea mtu aliyestahili. Nukta ndogo zinazoelea katikati ya mstari ni za kutenganisha maneno, si mwisho wa sentensi.

Kwa vifupisho hivyo peke yake utakuta mawe mengi ya watu walioachwa huru, wakunga, wafanyabiashara, watoto wa miaka 2 waliohesabiwa hadi siku zao. Nenda na karatasi na kalamu ya risasi, chagua mawe 5, yasome polepole. Simama pembeni ya jiwe, si mbele yake. Mwanga ukija kwa ubavu michoro ya herufi inajitokeza hata pale iliposuguliwa.

Vitu ambavyo usivikose:

Jiwe la Satricum, lililogunduliwa 1977, la takriban mwaka 500 K.K. Kilatini chake ni cha zamani kiasi kwamba wanaokijua Kilatini cha shule hukwama. Linawataja wandani wa Poplios Valesios, na mungu Mars.

Chemchemi ya Anna Perenna, iliyopatikana 1999 wakati wa kuchimba maegesho ya magari mtaa wa Piazza Euclide. Ndani ya birika lake zilikutwa sarafu, taa, sufuria ya shaba, na vibati vya risasi vya kuapiza watu, vingine vikiwa mikebe yenye visanamu ndani. Vimewekwa vioo, taa hafifu. Ipe macho dakika 2 yazoee kabla hujasema huoni.

Kwenye ua mdogo kuna kumbukumbu za undugu wa makuhani wa Arvales, na maandishi ya michezo ya karne aliyoandaa Augusto mwaka 17 K.K. Tafuta mstari unaomtaja Horatius kuwa ndiye aliyetunga wimbo wa sherehe. Ni mara chache mno jiwe la serikali kuthibitisha shairi ambalo bado linasomwa.

Ghorofani kuna idara ya Walatini wa kabla ya Roma kuwa mji. Mikojozi ya majivu yenye umbo la vibanda, na makaburi ya Osteria dell'Osa. Kutoka makaburi hayo ulitoka mtungi wa mwanzoni mwa karne ya 8 K.K. wenye herufi chache za Kigiriki zilizokwaruzwa, miongoni mwa maandishi ya Kigiriki ya kale kabisa yanayojulikana.

---

Mlinzi wa Lango

Mwanafunzi wa Mawe, nyongeza nzuri, ila rekebisha neno moja: ni vyungu vya majivu, wasomaji wasije wakashangaa.

---

Mwanafunzi wa Mawe

Sawa mkuu, vyungu vya majivu ya marehemu, vyenye umbo la vibanda. Asante.

---

Abdul wa Muscat

Tiketi na saa tafadhali. Nitakuwa na familia, watoto wawili chini ya miaka 18, tunatua Fiumicino asubuhi.

---

Mlinzi wa Lango

Ndugu Abdul, karibu.

Jumatatu pamefungwa. Jumanne hadi Jumapili hufunguliwa saa 3:30 asubuhi hadi saa 1:00 usiku, na kuingia mwisho ni saa moja kabla ya kufunga. Tiketi itaandikwa 9:30 na 19:00, wazungumzaji wa Kiswahili wakumbuke kugeuza. Saa hubadilika siku za sikukuu, kwa hiyo tazama tovuti rasmi ya makumbusho siku moja kabla.

Chini ya miaka 18 ni bure katika makumbusho ya serikali ya Italia, kwa uraia wowote. Beba pasipoti za watoto au nakala zenye tarehe ya kuzaliwa. Bila hiyo mhudumu ana haki ya kukutoza. Hata wa bure lazima wachukue tiketi yao dirishani. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ni bure kwa wote, ila kuna watu wengi zaidi. Kuna tiketi ya jumba hili peke yake na kuna ya pamoja na matawi mengine. Ya pamoja ina faida ukitaka kuingia Palazzo Massimo, ambayo iko hatua chache tu ng'ambo ya uwanja. Kabla hujainunua, uliza dirishani ni matawi gani yamefunguliwa, kwa sababu ukarabati hufunga jumba au ghorofa nzima kwa muda mrefu.

Kutoka Fiumicino treni ya moja kwa moja inakufikisha Termini kwa dakika 32. Mabegi ya safari yaache stesheni kwenye sehemu ya kutunzia mizigo, usiende nayo makumbushoni. Mkoba wa mgongoni nao utaambiwa uuache mlangoni. Picha ruhusa, bila mwanga wa flashi na bila kigoda cha kamera.

Watoto wapeleke kwenye ua mkubwa kwanza. Una nguzo 100 kuzunguka, na katikati ya bustani kuna vichwa vikubwa vya wanyama vya mawe vilivyopatikana karibu na Nguzo ya Trajan: faru, ngamia, tembo, farasi na wengine. Wapewe kazi ya kuwatambua wote. Ua wenyewe si wa Kirumi, ni wa watawa wa Karthusi, karne ya 16, na wengi hupotea hapo wakidhani ni sehemu ya hamamu.

---

Kivuli cha Adhuhuri

Hali ya hewa pia. Kumbi za hamamu ni kubwa, na hewa yake ni ya nje. Januari zina baridi inayopenya viatu, Julai na Agosti zina joto la kulemaza mchana. Kiangazi ingia saa 3:30 kamili. Majira ya baridi usichelewe hadi jioni: katikati ya Desemba jua linazama kabla ya saa 11, na natatio bila mwanga wa jua haina maana, kwa sababu uzuri wake ni ukuta mrefu wenye vishubaka ambao kivuli ndicho kinachouchora.

Natatio na ua mdogo vilifunguliwa kwa umma mwaka 2014. Bwawa lenyewe lilikuwa na takriban mita za mraba 4,000. Watawa walijenga ndani yake, kwa hiyo unaona kipande. Kama mlango wa huko umefungwa, muulize mhudumu kwa upole kama utafunguliwa baadaye. Mara nyingi tatizo ni uchache wa walinzi, na huzungushwa kwa zamu.

---

Mzalendo wa Pembe

Hapo nje ya hamamu kuna kitu kinachotuhusu watu wa upande wetu wa Afrika. Uwanja wa mbele ya stesheni unaitwa Piazza dei Cinquecento, uwanja wa mia tano. Hao ni askari wa Italia waliouawa Dogali, Eritrea, Januari 1887, na jeshi la Ras Alula. Kwenye kibustani kando ya hamamu, Viale Luigi Einaudi, kuna mnara wa kumbukumbu yao, na juu yake mnara wa jiwe wa Misri wa enzi za Ramses II. Mwaka 1937 utawala wa Mussolini uliweka chini yake sanamu ya Simba wa Yuda iliyoporwa Addis Ababa. Mwaka 1938 Zerai Deres, kijana wa Eritrea, aliinua upanga mbele ya sanamu hiyo kuipinga dhuluma, akakamatwa na kufungwa hadi alipofia huko Italia. Simba alirudishwa Addis Ababa baadaye.

Watalii hukaa kwenye mabenchi ya hapo wakila bila kujua. Ni dakika 5 kutoka mlango wa makumbusho. Nendeni mkasimame.

---

Mchora Ramani

Asante sana kwa hilo, lilipaswa kuwa kwenye posti ya kwanza.

Niweke onyo moja kuhusu vitabu vya zamani vya wageni. Vinasema sanamu ya shaba ya Bondia Aliyeketi iko kwenye ukumbi wa pembe nane wa hamamu hizi. Ilikuwa huko zamani. Makao yake sasa ni Palazzo Massimo. Ukumbi wa pembe nane una mlango wake mbali na mlango mkuu na haufunguliwi kila wakati. Kuanzia 1928 uliwahi kuwa sayaria, ukumbi wa kuonyeshea nyota. Ukiukuta wazi, ingia utazame kuba.

Na kaburi la akina Platorini msilipite, limo kwenye mojawapo ya kumbi kubwa. Lilipatikana 1880 wakati wa kujenga kingo za mto Tiber, likahamishwa lote na kusimamishwa upya ndani ya hamamu. Jirani yake kuna makaburi yaliyochorwa rangi kutoka Via Portuense. Hapo ndipo mtu anaelewa ukubwa: kaburi zima la familia limo ndani ya chumba kimoja na dari bado iko mbali.

---

Nahodha_K

Vipi Masoko ya Trajan? Nayo si makumbusho ndani ya jengo la Kirumi?

---

Tofali la Kale

Ndiyo, yamekuwa Makumbusho ya Viwanja vya Kifalme tangu 2007, mlango uko Via Quattro Novembre. Ni ya manispaa, kwa hiyo tiketi ya Makumbusho ya Taifa haifanyi kazi kule. Ngazi ni nyingi na viatu vya soli laini huteleza kwenye mawe ya Via Biberatica mvua ikinyesha. Kule utaona vyumba vidogo vingi vilivyopandana. Kwa ukumbi mmoja mkubwa wa kifalme, Diocletian haina mpinzani. Yanastahili uzi wake.

---

Nahodha_K

Na mtu mwenye saa moja na nusu tu kati ya treni na treni?

---

Tofali la Kale

Dakika 25 kanisani: tepidario, frigidario, nguzo, mstari wa jua. Dakika 10 kutembea nje kwa ubavu hadi mlango wa makumbusho. Dakika 30 kumbi za hamamu na natatio. Dakika 10 ua mkubwa, bila kusoma vibao. Robo saa iliyobaki ni ya kurudi stesheni, na ukivuka uwanja kumbuka kuwa unakatiza mahali palipokuwa na birika kuu la hamamu, takriban mita 91 kwa urefu, lililobomolewa karne ya 19 kupisha stesheni. Ghorofani na idara ya maandishi viache kwa safari nyingine. Ukiwa na Jumatatu, bado una kanisa, San Bernardo na mnara wa Dogali, vyote bila tiketi.